Ufuko Mmoja, Dola Mbili

Tarehe 1 Novemba 1886 Uingereza na Ujerumani zilipatana kwa barua kugawana nchi ambazo waliozigawa hawakupata kuzitia machoni. Mstari, walisema, uanzie mlango wa mto Umba katika Bahari ya Hindi, uupite mlima Kilimanjaro kwa upande wa kaskazini, kisha unyooke kama uzi wa seremala mpaka ufuko wa mashariki wa Ziwa Victoria, mahali pale panapokatwa na digrii ya kwanza kusini ya Ikweta. Digrii ile haikuwa na mti, wala jiwe, wala kijito cha kuitambulisha. Ilikuwa hesabu ya wanafalaki tu. Lakini kwa hesabu hiyo Muhuru iliangukia upande mmoja na Shirati upande wa pili, ilhali wavuvi wa Muhuru na wavuvi wa Shirati walikuwa wakitupa nyavu katika maji mamoja, wakisema Kiluo kimoja, na kuozana watoto wao. Huko juu penye vilima, Wakuria wa koo za Wanyabasi, Wakira na Wairege walijikuta nusu yao raia wa dola moja na nusu raia wa dola nyingine, bila hata mmoja wao kuhama kiamboni kwake.

Siku hizi watu wengi wana shauku ya kuzilinganisha Kenya na Tanzania: ipi yenye mali zaidi, ipi yenye amani zaidi, katika ipi mwanadamu huishi kwa raha na siha. Aghalabu mlinganisho huo hufanywa katika miji mikuu, kwa majedwali ya takwimu, na kila upande hutoka na jedwali linalousifu. Nia yangu katika makala haya ni kulitazama jambo hilo kutoka kwenye ufuko ambao umeishi na dola zote mbili kwa zaidi ya karne, yaani nchi ya Migori na Homa Bay, iliyoitwa zamani Kavirondo ya Kusini na baadaye Nyanza ya Kusini. Mtu wa huko hakuhitaji jedwali. Alikwenda sokoni, akarudi na jawabu.

Atakaye kujua ufuko huo ulikuwaje kabla ya mstari na aende Thimlich Ohinga, kaskazini-magharibi ya mji wa Migori, ambako zimesimama kuta za mawe zilizojengwa tangu karne ya 16, jiwe juu ya jiwe pasipo udongo wala chokaa ya kuyashikanisha, nyingine zikizidi kimo cha watu wawili. Mwaka 2018 UNESCO iliziandika katika urathi wa dunia. Milango yake ni mifupi, na mwenye kuingia hana budi kuinama, awe mwenyeji au mgeni, na mwizi wa ng'ombe akiinama hivyo kichwa chake kilikuwa tayari kwa rungu la mlinzi. Watu wa nchi hiyo, kwa hiyo, walijua sana maana ya mpaka. Ila mpaka wao ulijengwa na wale wale waliolala ndani yake, na kila mmoja aliweza kusema unamkinga na nini. Mstari wa 1886 haukumkinga mtu wa ufuko na lolote.

Fauka ya hayo, dola zenyewe zilichukua muda kuamua nani ni wa nani. Mpaka mwaka 1902 ufuko wa mashariki ya ziwa, kwa upande wa Waingereza, ulikuwa chini ya himaya ya Uganda, na mwaka huo ndipo Mkoa wa Mashariki wa Uganda ulipohamishwa kwa kalamu ukawa sehemu ya himaya iliyoitwa baadaye Kenya. Mzee wa Kendu Bay aliyelala Mganda akaamka mtu wa himaya nyingine, na jogoo wake akawika vile vile. Reli ya Mombasa ilikuwa imekwisha fika Kisumu mwishoni mwa 1901, na tangu hapo meli za moshi zikazunguka ziwa, zikitia nanga Kendu Bay na Homa Bay, zikapita Musoma na Mwanza hadi Bukoba. Wahindi wakafungua maduka, Waislamu wakajenga msikiti Kendu Bay, Waadventista wakaanzisha misheni yao Gendia mwaka 1906, na Waingereza wakaweka kituo cha serikali Karungu, karibu na mpaka, kabla ya kukihamishia Kisii mwaka 1907.

Vita Vikuu vya kwanza ndivyo vilivyowafahamisha watu kwa mara ya kwanza kwamba mstari ule unaweza kuua. Mwezi wa Septemba 1914 jeshi la Wajerumani lilivuka mpaka likaingia Kisii, likapigana na Waingereza, kisha likarudi lilikotoka. Na raia waliodhani kwamba serikali imeondoka moja kwa moja wakapora maduka na ofisi, wakaadhibiwa vikali ilipobainika kwamba imerudi. Baada ya hapo vijana kwa maelfu wakachukuliwa kuwa wapagazi wa jeshi, wakaingia Tanganyika na mizigo vichwani, na wengi hawakurudi. Lakini vita vilipokwisha, Tanganyika nayo ikawekwa chini ya Uingereza, na mstari ukalala usingizi. Shilingi ya Afrika Mashariki ikawa moja, stempu zikawa moja, reli na meli zikaja kuwa chini ya shirika moja. Waluo waliobanwa na uhaba wa ardhi wakavuka kwenda kusini kama mtu atokaye chumba hiki kuingia kile. Wamishenari wa Kimenoni walipofungua kituo Shirati mwaka 1934, mafundisho yao yalivuka kuja kaskazini kwa miguu ya waumini. Dhahabu na shaba za Macalder ziliwavuta vibarua, na aliyekuja kuchimba hakuulizwa ametoka ng'ambo ipi.

Katika zama hizo mama muuza samaki alifunga fedha zake katika pindo la khanga kwa fundo moja. Nalitaja fundo hilo makusudi, kwa kuwa tutakutana nalo tena.

Yafaa hapa msomaji azingatie jambo ambalo wenye kulinganisha nchi hizi mbili husahau kulitaja. Njia mbili za uchumi ambazo Kenya na Tanzania zilizifuata baada ya uhuru, njia zilizokuja kuonekana kama mashariki na magharibi, zilitungwa na watu wawili wa ziwa moja. Julius Nyerere alizaliwa mwaka 1922 Butiama, kusini-mashariki ya Musoma, si mbali na mpaka. Tom Mboya alizaliwa mwaka 1930 katika mashamba ya mkonge karibu na Thika, ambako baba yake alifanya kazi, lakini kwao ni kisiwa cha Rusinga, ambacho leo ni sehemu ya kaunti ya Homa Bay, na huko ndiko alikozikwa. Mwaka 1965, akiwa Waziri wa Mipango ya Uchumi, Mboya aliwasilisha waraka wa serikali uliokuja kujulikana kwa nambari yake, Waraka Nambari 10, juu ya ujamaa wa Kiafrika na namna ya kuutumia katika mipango ya Kenya. Mwaka 1967, tarehe 5 Februari, Nyerere alilitangaza Azimio la Arusha. Wote wawili walitumia neno ujamaa. Wote wawili waliapa kwamba Mwafrika wa kale hakumwacha jirani yake alale na njaa. Lakini mmoja alitoka katika neno hilo akafika kwenye mtaji, hati za ardhi na wawekezaji, na mwingine akafika kwenye vijiji vya pamoja na mabenki ya umma.

Na mwenye kumpinga Mboya kwa hoja nzito kuliko wengi hakutoka mbali. Alikuwa Barack Obama, mwanauchumi aliyezaliwa Kanyadhiang karibu na Kendu Bay, baba wa yule aliyekuja kuwa rais wa Marekani. Katika jarida moja la Afrika Mashariki, mwezi wa Julai 1965, Obama aliuliza: nchi itakuzaje mali pasipo kuuliza kwanza mali hiyo ni ya nani? Hivyo basi hoja kubwa ya uchumi wa Kenya ilijadiliwa na wana wawili wa nchi ndogo moja, wa Rusinga na wa Kendu Bay, wakati mwana wa Butiama akiandika jawabu lake mwenyewe.

Ndani ya waraka wa Mboya mlikuwamo kanuni moja ambayo watu wa Nyanza ya Kusini walikuja kuilipia kwa miaka mingi: kwamba fedha za maendeleo, kwa kuwa ni chache, zipelekwe kwanza mahali palipo na ardhi yenye rutuba, mvua ya kutosha, barabara na watu walio tayari kuendelea, ili mali itakayozaliwa huko isaidie kwingineko baadaye. Kwa mwanauchumi kanuni hiyo ina mantiki yake. Lakini Rusinga ni kisiwa kikavu chenye mawe, na kwa mizani hiyo mwandishi wa waraka alikuwa ameiweka nyumba ya baba yake mwisho wa safu. Mboya hakuishi kuyaona matokeo. Tarehe 5 Julai 1969 alipigwa risasi Nairobi, na juu ya kaburi lake Rusinga likajengwa jengo lenye umbo la risasi. Kabla mwaka huo haujaisha, chama cha upinzani cha Oginga Odinga kilipigwa marufuku, na nchi ya Waluo, ambayo tayari ilikuwa mwisho kwa kanuni ya uchumi, ikawa mwisho kwa kanuni ya siasa pia. Kwa hiyo mtu asemaye kwamba Kenya ilitajirika katika miaka ya 1960 na 1970 husema kweli, ila yampasa aseme pia ni Kenya ya wapi.

Ng'ambo ya mpaka mambo yalikwenda kinyume. Mkulima wa mkoa wa Mara hakuongezewa sana fedha mfukoni, lakini aliletewa shule, zahanati, madarasa ya watu wazima, na lugha. Mwezi wa Novemba 1974 chama tawala cha TANU kilikutana Musoma na kuazimia kwamba kila mtoto aingie shule ya msingi ifikapo 1977. Mkuria na Mluo wa Tarime, wilaya ya mpakani, wakazungumza na afisa wa serikali kwa Kiswahili pasipo kuona haya. Zawadi hiyo ilikuja na amri nyuma yake. Katika miaka ya kuhamishia watu vijijini, mkoa wa Mara, nyumbani kwa Rais mwenyewe, haukusazwa. Watu waliondolewa katika maboma yao wakapangwa kwenye safu za nyumba mbali na mashamba, na wengine waliyatazama mapaa yao yakishushwa. Upande mmoja, basi, serikali iliwasahau watu. Upande wa pili iliwakumbuka kupita kiasi.

Wakati huo fundo la khanga lilikuwa limekwisha kuwa mafundo mawili. Mwaka 1966 kila nchi ilitoa noti zake, na shilingi ya Kenya na shilingi ya Tanzania zikaanza safari zikiwa sawa, moja kwa moja. Palikuwa na wakati ambapo jambo hilo lingaliweza kuepukwa. Mwaka 1960 Nyerere alisema kwamba yu tayari kuuchelewesha uhuru wa Tanganyika ili nchi za Afrika Mashariki ziingie pamoja kama shirikisho, na mwezi wa Juni 1963 yeye, Kenyatta wa Kenya na Obote wa Uganda walitangaza Nairobi nia ya kuungana. Nia ikakaa kuwa nia. Viwanda vilikuwa vimejengwa zaidi Kenya tangu enzi za walowezi; Tanzania na Uganda zikalalamika kwamba soko la pamoja limezifanya wanunuzi wa jirani yao; na Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyoundwa kwa mkataba wa 1967 ikawa kama ndoa ambayo mahari yake hayakukubaliwa na pande zote. Magazeti ya Dar es Salaam yakawaita mabepari wa Kenya manyang'au, watu walao watu. Na kutoka Nairobi wakajibiwa kwamba heri hao kuliko watu wasio na kitu cha kula.

Mwanzoni mwa 1977 shirika la ndege la pamoja lilivunjika, na tarehe 4 Februari mwaka huo, katika mkesha wa kuadhimisha miaka kumi ya Azimio, Tanzania ikaufunga mpaka. Mali za Jumuiya zikabaki pale zilipokutwa: meli ya MV Victoria ikawa ya Tanzania, MV Uhuru ikawa ya Kenya, na bandari za Kendu Bay na Homa Bay, ambazo meli za Mwanza zilikuwa zikipita mbele yake, zikaanza kuona nyasi zikiota kwenye gati. Kwa mara ya pili tangu 1914, mstari ukaamka.

Ukafungwa, lakini haukufungika. Baina ya Isebania ya Kenya na Sirari ya Tanzania hapana mto wala mlima. Pana jiwe la alama, na nyuma ya nyumba pana vichochoro ambavyo mbuzi huvipita bila pasi ya kusafiria. Huko Tanzania dhiki ilizidi mwaka hadi mwaka. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda ulimwenguni, mazao yalinunuliwa na mashirika ya umma kwa bei isiyomfaa mkulima, na majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalipovamia Kagera Oktoba 1978, vita vya kumwondoa, vilivyofika Kampala Aprili 1979, vilikomba hazina ya nchi. Sabuni, sukari, mafuta ya kupikia, betri za tochi, nguo, vyote vikawa vitu vya kuvizia. Duka la kijiji lilifunguliwa siku ambayo lori limekuja, na safu ilianza kabla ya alfajiri. Mtu aliweza kuweka jiwe au kikapu mahali pake akaenda kondeni, na jiwe lile likaheshimiwa kama mtu. Kule Isebania vitu hivyo hivyo vilijaa rafuni hadi dari. Usiku, kwa hiyo, mche wa sabuni ulivuka kusini na ng'ombe akavuka kaskazini, na biashara hiyo ikaitwa magendo na serikali, na riziki na wale waliokula kwayo.

Hapa ndipo sifa ya Kenya huwa kubwa kuliko stahili yake. Sabuni iliyojaa Isebania ilitengenezwa Nairobi na Mombasa, na faida yake kubwa ilirudi huko. Kilichojengwa Nyanza ya Kusini katika miaka hiyo kilikuwa kidogo, ingawa hakikuwa bure: kiwanda cha sukari cha Awendo, kilichoanza kusaga miwa mwaka 1979, na kilimo cha tumbaku katika nchi ya Wakuria na Migori, ambacho kiliwapa watu fedha za karo kwa mkono wa kulia na kuichoma miti yao kwa mkono wa kushoto, kwa kuwa majani ya tumbaku hukaushwa kwa kuni. Mtoto wa Migori wa miaka ile alikuwa jirani wa duka lililojaa, lakini haikumaanisha kwamba baba yake ana cha kununulia.

Wala amani haikuwa ya upande mmoja. Wakuria wa Tanzania walikuwa wengi katika jeshi lililokwenda Uganda, na vita vilipokwisha baadhi ya bunduki hazikurudi ghalani. Wizi wa ng'ombe, ambao babu zao waliufanya kwa mikuki na kwa kanuni, ukawa biashara ya risasi, na mpaka ukawa rafiki wa mwizi, maana ng'ombe akishavushwa polisi wa Tarime hawana mamlaka juu yake. Dola nazo zilifanya kama wezi wa ng'ombe: kila moja iliwapa hifadhi waasi wa mwenziwe. Baada ya jaribio la kuipindua serikali ya Kenya tarehe 1 Agosti 1982, viongozi wake walirukia Dar es Salaam kwa ndege. Baada ya njama iliyogunduliwa Tanzania mapema 1983, baadhi ya watuhumiwa wake walikimbilia Nairobi. Mwaka huo huo Waziri Mkuu Edward Sokoine aliendesha msako wa waliokuja kuitwa wahujumu uchumi, na hofu ikawa kubwa hata wenye bidhaa wakazitupa mitoni na vichakani. Novemba 1983 wakimbizi wakabadilishwa, na mpaka ukafunguliwa tena, na mwezi wa Mei 1984 marais watatu wakatia saini Arusha mgawanyo wa mali na madeni ya Jumuiya iliyokufa. Mayatima wa marehemu hawakutajwa katika mirathi.

Tangu hapo mizani imepinduka mara zaidi ya moja, na mwenye kuitazama kwa siku moja tu hatajua inaelekea wapi. Mwaka 1986 Tanzania ya Ali Hassan Mwinyi ilikubali masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa, thamani ya shilingi yake ikashushwa, maduka yakajaa, na katika miaka hiyo ada za shule zikarudi. Kenya, iliyokuwa ikitolewa mfano, iliingia miaka ya 1990 kwa kunyimwa misaada, kwa kashfa ya ufisadi ya Goldenberg, na kwa mapigano ya kikabila katika kila majira ya uchaguzi. Tanzania ilifuta tena ada za shule ya msingi mwaka 2002, Kenya ikafuata 2003. Kwa takriban miaka ishirini tangu mwaka 2000 uchumi wa Tanzania ulikua kwa wastani wa zaidi ya asilimia 6 kwa mwaka, kasi ambayo Kenya haikuifikia. Hata hivyo Kenya ilitajwa kuingia daraja la kati la chini la mapato mwaka 2014, ilipozihesabu upya hesabu zake ikaona kwamba uchumi wake ni mkubwa kwa robo nzima kuliko ilivyodhaniwa. Taifa likaamka asubuhi limetajirika, na ghala la Migori halikuongezeka gunia hata moja. Tanzania iliingia daraja hilo hilo mwaka 2020. Hadi leo pato la Kenya ni kubwa zaidi, ilhali watu wake, milioni 47.6 kwa sensa ya 2019, ni wachache kuliko milioni 61.7 waliohesabiwa Tanzania mwaka 2022.

Lakini ziwa lina hesabu zake. Sehemu ya Kenya katika maji ya Ziwa Victoria ni asilimia 6 tu, na ya Tanzania ni karibu na nusu nzima. Samaki ambaye Mluo wa Homa Bay humwita mbuta na Mtanzania humwita sangara aliletwa ziwani katika miaka ya 1950, akaijaza biashara ya minofu ya kupelekwa ng'ambo, na akamfanya mvuvi wa Muhuru avuke mstari asiouona, hadi akamatwe nao. Kenya ina viwanda na soko. Tanzania ina maji. Siha nayo ina hesabu yake. Mwaka 2014 hesabu za serikali zilionyesha kwamba takriban mtu mzima mmoja katika kila wanne wa Homa Bay alikuwa akiishi na virusi vya Ukimwi, kiwango kilichokuwa cha juu kuliko kaunti zote za Kenya, na ng'ambo ya mpaka, mkoani Mara, kiwango kilikuwa chini sana ya hicho. Nchi yenye pato kubwa ndiyo iliyokuwa na ufuko wenye makaburi mengi.

Asubuhi ya siku ya soko, pale Isebania, msomaji atayaona haya yote kwa macho yake. Malori ya mchele, vitunguu na mahindi yanasubiri kuingia Kenya. Malori ya bidhaa za viwandani yanasubiri kutoka. Mkondo wa magendo umegeuka: chakula ndicho kinachokwenda kaskazini, na Machi 2021, Kenya ilipoyazuia ghafula mahindi ya Tanzania kwa kutaja sumukuvu, bei ya unga ilizungumzwa Migori kabla ya kuzungumzwa bungeni. Kando ya barabara wamesimama wabadilisha fedha na vitita vyao. Shilingi mbili zilizoanza sawa mwaka 1966 hazijuani tena: moja ya Kenya hupata ishirini hivi za Tanzania.

Mama mmoja aliyevaa khanga anatoka upande wa Sirari na gunia la dagaa kwenye bodaboda. Kijana wa upande wa huko anampisha: "Shikamoo, mama." Naye huitikia, "Marahaba, mwanangu," kisha anapiga hatua mia na kuingia mahali ambapo kijana mwingine, wa rika lile lile na labda wa ukoo ule ule, humwambia, "Mathe, hizo omena ni ngapi?" Mama hakasiriki. Dagaa zimekuwa omena, shikamoo imeanguka njiani, na yeye ameinamisha kichwa kufungua pindo la khanga lake, ambalo lina mafundo mawili: la kulia lina shilingi za Kenya, la kushoto lina za Tanzania.

Kwa miaka mingi upande wa Kenya palikuwa na msemo wa kujifariji au kujilaumu, kwamba wenzetu ni maskini lakini wana amani. Msemo huo ulipata nguvu mwanzoni mwa 2008, wakati machafuko ya baada ya uchaguzi yalipowaua Wakenya zaidi ya 1,100, na barabara ya Migori ikawa na vizuizi vya mawe na moshi wa matairi. Lakini amani nayo si mali ya kurithi. Juni 2024 vijana wa Kenya waliingia katika bunge lao kupinga kodi, na baadhi yao wakauawa. Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu wa Tanzania, damu ilimwagika vile vile, intaneti ikazimwa, na amri ya kutotoka nje ikatangazwa Dar es Salaam. Watu wa ufuko, ambao walikuwa wamezoea kumwuliza jirani habari za fujo za upande mmoja, wakaulizana habari za pande zote mbili.

Nani, basi, aliyeshinda, mwana wa Rusinga au mwana wa Butiama? Kaburi la mmoja na kaburi la mwingine hayaachani kwa mwendo wa siku nzima ya gari, na mtu akitoka asubuhi Rusinga, akapita Homa Bay, Migori na Isebania, ataweza kufika Butiama jua halijachwa. Atakapopita njiani ataona kwamba Mboya alikuwa na haki aliposema kwamba nchi haigawi kisichozalishwa, na Nyerere alikuwa na haki aliposema kwamba kilichozalishwa bila kugawanywa ni mali ya wachache. Ataona pia kwamba kila mmoja alikosea pale alipodhani nusu yake yatosha: duka la Isebania lilijaa na mnunuzi hana kitu, na mnunuzi wa Sirari alijua kusoma na kuandika akasimama mbele ya duka tupu.

Mama yule wa dagaa hakusoma Waraka Nambari 10 wala Azimio la Arusha. Ukimwuliza ipi nchi bora, atakutazama kwanza ajue unanunua au unapoteza wakati wake. Kisha atauliza shilingi imesimama ngapi leo, akisikia jawabu atafungua fundo moja, atakaza lingine, na kuendelea na safari yake.